Bakshishi ya mhudumu isigeuzwe mshahara wake

Foleni ya malori inapokwama Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, mtu wa kwanza kumfaa mfanyabiashara ni mhudumu wa mkahawa. Huyo ndiye anayempa chai ya moto saa 11 alfajiri, anayemwekea mfuko nyuma ya kaunta wakati anakwenda kugongewa muhuri, anayejua kama mtandao wa forodha umerudi au bado, na anayemwonyesha mahali pa kuchaji simu. Biashara ya mpakani ina watumishi wengi ambao majina yao hayaandikwi kwenye hati yoyote ya mzigo. Mhudumu wa mezani ni mmoja wao.

Leo tunazungumzia malipo madogo anayoachiwa mezani, yaani bakshishi. Ni nani anayepaswa kuitoa? Kiasi gani? Kwa fedha ya nchi gani? Na ikishatolewa, inaishia mfukoni mwa nani? Wasomaji wetu wengi hunywa chai nchi moja na kula chakula cha jioni nchi nyingine. Maswali haya yanawakuta kila wiki, na majibu yanayotolewa mezani mara nyingi hayamtendei haki mhudumu, na wakati mwingine hayamtendei haki mteja.

Tuanze na lililo wazi. Katika mikahawa ya kawaida ya Kenya, Tanzania na Uganda, bakshishi si deni. Mteja aliyekula na kulipa bei iliyoandikwa amemaliza wajibu wake wa kisheria. Katika hoteli kubwa bili inaweza kuwa na mstari wa gharama ya huduma, na anayeuona mstari huo ana haki ya kuuliza unakwenda kwa nani kabla ya kuongeza chochote. Kwa mama lishe anayepika, kupakua na kupokea fedha mwenyewe, bei ni yake na faida ni yake. Huyo ukimwachia chenji umemshukuru, lakini anachokihitaji zaidi ni ulipe leo, usimwambie akuandike hadi utakaporudi na mzigo.

Bakshishi inapata maana yake kamili pale ambapo anayekuhudumia siye mwenye biashara. Umelipa chakula, na fedha hiyo imekwenda kwa tajiri. Sasa unataka kumwambia yule aliyekimbia huku na huku kwamba umeiona kazi yake. Huo ni uungwana wa zamani katika jamii zetu, na kwa sababu ni uungwana, hauna budi kubaki hiari.

Hapa mfanyabiashara wa mpakani ana sababu ya kusita, na tunamwelewa. Neno "chai" limechafuliwa. Anaombwa chai na anayekagua gari, anaombwa "ya soda" na anayeshika mhuri, anaombwa "kitu kidogo" na asiyejulikana hata cheo chake. Akifika mezani akasikia tena habari ya chai, moyo wake unafunga. Anahisi kwamba kila mkono uliofunguliwa mbele yake ni uleule.

Mikono hiyo haifanani. Anayetaka kujua tofauti ajiulize mambo matatu. La kwanza, fedha inatolewa kabla ya huduma au baada yake? La pili, anayepokea ana uwezo wa kukuzuia usipate haki yako? La tatu, ungeweza kuitoa mbele ya watu wote bila aibu? Bakshishi hutolewa baada ya kazi kwisha, kwa mtu asiye na mamlaka juu yako, mchana kweupe. Hongo hutolewa kabla, kwa mtu mwenye mamlaka, chini ya meza. Tanzania iliwahi kuruhusu kisheria takrima katika kampeni za uchaguzi, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006, kwa sababu mpaka kati ya ukarimu na ununuzi wa kura ulikuwa umefutika. Somo lile linafaa hapa. Zawadi kwa mwenye mamlaka huharibu kazi yake. Zawadi kwa mhudumu wa chakula haimnyang'anyi mtu yeyote haki.

Kwa hiyo tusimwadhibu mhudumu kwa makosa ya watu wa dirishani. Kuna watu ambao hulipa "chai" kubwa kizuizini bila kupiga kelele, halafu wanamgombeza msichana wa mkahawani kwa sababu ya chenji ya shilingi kumi. Hiyo ni hesabu iliyopinduka.

Lakini lawama kubwa katika jambo hili haimhusu mteja. Inamhusu mwenye mkahawa.

Kuna desturi tatu mbaya ambazo zimezoeleka kiasi kwamba wengine wanaziona ni taratibu za kazi. Ya kwanza ni kumwajiri mhudumu kwa mshahara wa jina tu, au bila mshahara kabisa, na kumwambia: "Hapa wateja ni wengi, utajipatia mwenyewe." Ya pili ni kukusanya bakshishi kaunta kwa madai kwamba itagawanywa mwisho wa wiki, kisha wiki inakwisha bila mgao na bila maelezo. Ya tatu, ambayo ni chungu kuliko zote, ni kumkata mhudumu fedha ya chakula pale mteja anapoondoka bila kulipa. Basi limepiga honi, abiria wamekimbia, na sahani tatu za wali na nyama zinageuka deni la mtu ambaye hata hakula.

Desturi hizi zinapingana na sheria zilizoandikwa. Nchini Kenya amri za mishahara ya kima cha chini zinamtaja mhudumu wa mezani kwa kazi yake, pamoja na mpishi. Tanzania inaiweka sekta ya hoteli na migahawa katika amri yake ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi. Amri hizo zinamtaka mwajiri alipe. Hazimruhusu kuuhamishia mshahara huo kwa mpita njia. Uganda ina kazi kubwa zaidi ya kufanya: kima chake cha chini kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa hadi leo, ingawa Bunge liliwahi kupitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya na Rais akakataa kuusaini. Shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi leo si mshahara hata kwa maneno. Mhudumu wa upande wa Uganda pale Busia au Malaba anaitegemea huruma ya mwajiri na ya mteja kuliko mwenzake wa ng'ambo ya barabara.

Kuhusu makato, sheria ziko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu mwajiri kukata fedha kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi kwa makusudi, au upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake unamkabidhi kazi ya kupokea na kutunza fedha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe maelezo ya maandishi ya sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mteja kutoroka si kosa la aliyemletea sahani. Tajiri anayeogopa watororo aweke utaratibu wa kulipia kabla ya kupakuliwa, kama mikahawa mingi ya stendi inavyofanya. Hasara ya biashara ni ya mwenye biashara. Wasomaji wetu wanalijua hili vizuri: nyanya zikiozea mpakani, hakuna mwenye mzigo anayempelekea hesabu kuli aliyezibeba.

Wapo watakaosema kwamba bakshishi nzuri inamtosha mhudumu. Tupige hesabu, kwa mfano tu. Mhudumu anayepata wateja 10 kwa siku ambao kila mmoja anamwachia shilingi 20 za Kenya, kwa siku 26 za kazi anapata shilingi 5,200. Ni msaada wa kweli. Haziwezi kulipa kodi ya chumba, chakula cha familia na karo za shule kwa mwezi. Na hizo ni siku nzuri. Mvua ikikata barabara, mtandao wa forodha ukilala, au serikali mbili zikigombania mahindi, wateja hawaji. Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria na kuruhusu mizigo peke yake, aliyekuwa akiishi kwa chenji za abiria alibaki bila kitu, wakati aliyekuwa na mshahara na mkataba angalau alikuwa na mahali pa kuanzia madai yake.

Ziko nchi zilizotutangulia katika njia hii, na zinatuonyesha inakoelekea. Nchini Marekani sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, ilhali kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25. Mwajiri anatakiwa kufidia pengo kama bakshishi haitoshi, lakini matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya mshahara imehamishiwa mezani, na mteja asiyeacha kitu anatazamwa kama mwizi. Majimbo kadhaa yakiwamo California na Washington yamelikataa jambo hilo. Uingereza nayo, kuanzia Oktoba 1, 2024, inamtaka mwajiri kwa sheria akabidhi bakshishi yote kwa wafanyakazi bila kukata chochote, na aigawe kwa haki. Sisi hatuna sababu ya kuingia shimo ambalo wengine wanahangaika kutoka.

Baada ya kumweleza tajiri, tuseme na wasomaji wetu.

Kwanza, toa fedha inayotumika pale ulipo. Mhudumu wa upande wa Tanzania ukimwachia sarafu za Kenya umempa kazi. Wabadilishaji fedha wa mpakani wanataka noti, na sarafu hukaa kwenye kopo hadi apatikane msafiri wa kuzichukua kwa bei ya hasara. Isitoshe, Tanzania mwaka 2025 ilipiga marufuku malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Kama umebakiwa na chenji za nchi unayotoka, zitunze kwa safari ijayo, na utenge kidogo ya fedha ya nchi unayoingia kwa ajili ya maji, choo na shukrani.

Pili, ukilipa kwa simu, usiichanganye bakshishi na bili. Fedha iliyotumwa kwenye till au Lipa Namba imeingia kwa mwenye biashara. Ukimwambia mhudumu "nimeongeza hamsini yako humo," umempa ahadi ambayo hana uwezo wa kuidai. Lipa bili kwa simu, umpe yake mkononi. Ukikosa fedha taslimu, mtumie moja kwa moja kwenye namba yake, ikiwa yeye mwenyewe amekupa kwa hiari yake.

Na hapo tuna neno kali. Bakshishi hainunui namba ya simu ya mtu. Hainunui kushikwa mkono, maneno ya aibu, wala ahadi ya kuonana baada ya kazi. Wahudumu wengi wa mpakani ni wasichana walio mbali na kwao. Anayeacha noti kubwa huku akimshika kiuno mtoto wa watu hajatoa shukrani, amefanya udhalilishaji, na wenzake waliokaa naye mezani wasicheke.

Tatu, kiasi. Katika mkahawa wa kawaida, kuacha chenji iliyobaki kunatosha na hakuna wa kukuaibisha. Aliyekaa meza moja saa tano akisubiri kibali, akachaji simu mbili na kuchungiwa mzigo, anajua mwenyewe kwamba amepata zaidi ya kikombe cha chai. Anayevuka mara mbili kwa wiki na kuacha shilingi 50 za Kenya kila safari atakuwa ametoa shilingi 5,200 kwa mwaka. Kiasi hicho hakimfilisi mwenye duka, lakini kina nafasi yake daftarini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na matumizi ya njiani ni sehemu ya gharama ya mzigo.

Yuko pia mfanyabiashara ambaye hawezi. Mama anayevusha ndoo mbili za samaki au furushi la nguo za mitumba, ambaye faida yake ya siku ni nauli na unga, asijione mnyonge akiondoka bila kuacha kitu. Amelipa alichokula. Neno la asante, sahani aliyoisogeza ili meza isafishwe kwa urahisi, na kutomwita mhudumu kwa mluzi au kwa "wewe!", vyote ni malipo ya heshima. Ndiyo sababu nyingine ya kusisitiza mshahara kwanza: tusiwafanye maskini wawili wadaiane, huku mwenye mkahawa akihesabu mauzo.

Wahudumu nao wana wajibu. Chenji ya mteja ni mali ya mteja hadi aseme vinginevyo. Kuirudisha polepole kwa kusubiri basi lipige honi, kusema "sina chenji" wakati droo imejaa, au kumbadilishia mgeni fedha kwa kiwango cha uongo kwa sababu hajui bei ya siku, huo ni wizi hata kama umefanywa kwa tabasamu. Vilevile si haki kumkimbilia mwenye suti na kumwacha mwenye gunia akiita mara nne. Mwenye gunia ndiye anayerudi kila wiki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nao hawakumaanisha apone kwa kumkamua.

Kuna wafanyakazi wengine wa kukumbukwa. Anayeosha vyombo, anayechochea moto na anayekata vitunguu hawafiki mezani, na hakuna mteja anayewaona. Ni haki wapate sehemu, lakini mgao uamuliwe na wafanyakazi wenyewe, uandikwe ukutani jikoni, na mwenye mkahawa pamoja na mtunza kaunta wasiwemo. Kopo moja lenye kufuli, linalofunguliwa kila Jumamosi mbele ya wote, limetosha kumaliza ugomvi mwingi wa aina hii.

Jambo la mwisho ni la ujirani wetu. Katika miji ya mpakani, mhudumu mara nyingi ametoka ng'ambo ya pili. Msichana kutoka upande wa Tanzania anafanya kazi Taveta, kijana kutoka Uganda yuko Busia upande wa Kenya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama kwa uraia wake katika ajira na ujira. Hata hivyo, anayetoka nje ndiye mwepesi kuambiwa afanye kazi kwa bakshishi tu, kwa kuwa anaogopa kulalamika. Vibali vyake vikiwa na kasoro, mwajiri anazijua na anazitumia. Muungano wa nchi zetu hauwezi kupimwa kwa kasi ya malori peke yake. Upimwe pia kwa namna tunavyomlipa jirani aliyekuja kutuhudumia chakula.

Tunapendekeza mambo manne. Maofisa kazi wa wilaya na kaunti za mpakani waingie mikahawani kama wanavyoingia viwandani, waulize mikataba na karatasi za mishahara. Vyama vya wafanyakazi wa hoteli, kama KUDHEIHA nchini Kenya na CHODAWU nchini Tanzania, visiishie kwenye hoteli za watalii, vifike pia kwenye vibanda vya stendi na maegesho ya malori. Wenye mikahawa wabandike tangazo fupi mahali pa wazi: bakshishi yote ni ya wafanyakazi, na hakuna anayekatwa kwa mteja aliyetoroka. Na vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, ambavyo ndivyo vyenye wateja, vichague kula panapowekwa tangazo hilo.

La nne ndilo rahisi kuliko yote, kwa sababu halisubiri kikao Arusha wala muswada bungeni. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda dirishani, muulize anayekuletea chai: "Hii nikikuachia, inabaki yako?" Akitazama kaunta kwanza kabla ya kujibu, umeshapata jibu. Mpe yake mkononi, kisha nenda ukazungumze na tajiri wake.